Namba 4C Haijui Nywele Zako

Wasee, nilifuga nywele mara ya kwanza nilipomaliza kidato cha nne. Shuleni tulikuwa tunanyolewa, kwa hivyo sikuwa nazijua hata kidogo. Intaneti ikaniambia mimi ni 4C, nikanunua kondishena nzito yenye namba hiyo. Baada ya miezi mitatu kitana kilikuwa kinajaa vipande. Msusi akasema nina nywele ngumu, na manze nikamwamini, karibu ninyoe tena.

Halafu nikaanza kusoma hii kitu ilitoka wapi.

Mwaka 1900, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, kampuni ya Ed. Pinaud ilionyesha Brilliantine, mafuta ya kulainisha nywele, ndevu na masharubu ya wanaume. Huko Marekani mwaka 1906, Sarah Breedlove, ambaye dunia inamjua kama Madam C. J. Walker, akaanza kuuza dawa yake ya nywele. Yake ilikuwa na salfa, kwa sababu nywele zake mwenyewe zilikuwa zimenyonyoka na alitaka kwanza kutibu ngozi ya kichwa. Yaani kila mtu alitengeneza kitu cha kutatua shida aliyoiona.

Kondishena ya leo ni mambo ya kemia. Unywele uliochakaa una chaji hasi, na kondishena ina viambato vya chaji chanya, ndugu wa vile vya kulainisha nguo. Vinanata zaidi palipochakaa. Ndiyo maana unaanza kupaka nchani, sehemu iliyozeeka kuliko zote.

Na zile namba je? Mwaka 1997 Andre Walker, msusi wa Oprah Winfrey, alichapisha kitabu kilichogawa nywele aina 4: singa, za mawimbi, za kujiviringisha na kipilipili. 4C haikuwemo. Iliongezwa baadaye na watu wa nywele asili mtandaoni. Chati hiyo inaeleza umbo, lakini haisemi nywele zako zinanyonya maji vipi, wala kama zimewekwa dawa au rangi.

Sisemi umbo si kitu. Kwenye nywele za singa mafuta ya kichwa hushuka kirahisi, kwa hivyo kondishena kidogo nchani inatosha. Ukijaza kichwa chote zinalala. Kipilipili ina kona nyingi. Mafuta hayafiki nchani, na kila kona ni mahali pa kukatikia. Gawa mafungu, paka ya kutosha, chambua kwa vidole au kitana cha meno mapana ukianzia nchani kupanda juu. Acha dakika chache, kisha suuza.

Lakini zangu maji yalikuwa yanateleza juu bila kuingia, na mimi nilikuwa narundika krimu nzito juu yake! Sasa natumia nyepesi, nywele zikiwa zimelowa maji ya uvuguvugu. Dadangu, aliyeweka dawa, ni kinyume: zake zinanyonya haraka na kukauka haraka, kwa hivyo ile chupa yangu nzito nilimpa yeye. Inamfaa kabisa.

Kwa hivyo wewe unayefuga sasa, usikubali kuambiwa una nywele ngumu. Kabla ya kununua chupa nyingine, nyunyizia fungu moja maji, utazame yanaingia au yanateleza. Kisha uniambie umeona nini.