Chumvi, jetoni na simu

Bibi yangu aliuza ndagaa kwenye bandari ya Kalundu, na akiba yake aliiweka katika mbuzi. Nilipokuwa mdogo nilidhani anapenda mifugo tu. Mama ndiye aliyenieleza baadaye habari ya Krismasi ya 1979, Rais Mobutu alipotangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 hazitumiki tena. Watu walipewa siku chache za kubadilisha, tena kwa kiasi kilichowekewa mpaka. Bibi alikuwa na noti zake ndani ya kopo la maziwa ya unga, akiba ya kununulia nyavu. Kabla zamu yake haijafika, muda ukaisha. Tangu hapo akawa anasema noti ni karatasi ya mkubwa, mbuzi ni mali yako.

Nimemkumbuka sana miaka hii, maana kazi yangu sasa ni kutoa pesa za simu, chini ya mwavuli, karibu na soko la Mulongwe hapa Uvira, mashariki mwa Kongo. Kila msaada wa pesa unapoingia nasikia watu wakisema haya ni mambo mapya yaliyoletwa na mashirika. Mimi nasema si mapya. Kwenye ufuko huu wa Ziwa Tanganyika watu wamegeuza kila walichopewa kuwa pesa tangu zamani. Kilichobadilika ni nani anayebeba hasara ya kugeuza.

Anza na chumvi. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Uvira kwa mitumbwi mwezi wa Aprili 1858, walikuta mahali panapojulikana na wafanyabiashara wa ziwa zima. Watu walikuja huku kununua pembe za ndovu na, kwa aibu ya historia yetu, watumwa. Ng'ambo kule Ujiji sokoni walilipana kwa shanga ziitwazo sofi, zinazofanana na vipande vya kiko kilichovunjika. Na chumvi ya Uvinza ilisafiri kwa mtumbwi huku na huku, ikabadilishwa kwa samaki, kwa mihogo, kwa mbuzi. Chumvi haiozi, inagawanyika hadi kijiko kimoja, na hakuna jiko lisiloihitaji. Mwanamke mwenye chumvi ndani alikuwa na pesa ndani.

Kisha Wabelgiji walileta noti na sarafu, lakini walizileta pamoja na kodi ya kichwa. Mkulima wa bonde la Ruzizi alilimishwa pamba ili apate cha kumlipa mtoza kodi. Kwa hiyo pesa ya serikali ilifika nyumbani kwanza kama deni. Sishangai wazee wetu hawakuiamini.

Sasa nifike kwenye jambo linalonihusu mwenyewe. Baada ya vita vya 1996 na vya 1998, malori ya msaada yalizoeleka barabara ya Uvira hadi Baraka. Kuanzia 2005 wenzetu walirudi kwa meli kutoka kambi za Kigoma, wakapewa unga wa mahindi, mafuta, mbaazi za njano, shiti la plastiki, sufuria. Mwenye jetoni mkononi, yaani kadi ya kupokelea msaada, alipanga mstari tangu alfajiri. Jioni yake mimi na wenzangu tulikuwa tumesimama kando ya njia na mizani yetu. Zile mbaazi za njano hakuna aliyezitaka: zinamaliza kuni kabla hazijaiva, na watoto walizikataa. Tulizinunua karibu bure. Kopo la mafuta tulilinunua chini ya nusu ya bei ya soko, kwa sababu tulijua muuzaji ana mtoto mwenye homa nyumbani, au anadaiwa nauli. Nililea watoto wangu kwa faida hiyo. Siwezi kusema niliiba, na siwezi kusema nililala vizuri.

Hebu piga hesabu ya lile kopo. Limelimwa, limekamuliwa, limepakiwa melini, limevuka bahari, limepanda lori hadi kwetu. Gharama yote hiyo, halafu mama aliyelengwa anabaki na chini ya nusu ya thamani, na iliyobaki inaingia mfukoni mwangu. Mama yule hakuwa mjinga. Alihitaji dawa, akapewa mafuta.

Kuelekea 2010 mashirika, UNICEF likiwa mbele, yalianza kuandaa masoko ya kuponi hapa Kivu: unapewa karatasi, unachagua sufuria au kitenge kwa wachuuzi walioalikwa. Ilikuwa hatua kubwa, kwa kuwa mtu alichagua. Lakini mwaka 2011 kule Masisi, Kivu ya Kaskazini, wakimbizi wa ndani waligawanywa, wengine wakapewa kuponi na wengine pesa taslimu za thamani ileile, kisha wakafuatiliwa na mtafiti Jenny Aker. Waliopata pesa walinunua vitu vya namna nyingi zaidi, na kuwafikishia pesa kulikuwa rahisi kuliko kuwafikishia kuponi. Wenye kuponi walinunua chumvi nyingi. Niliposimuliwa habari hiyo nilicheka kwa furaha ya kumtambua bibi yangu. Mtu aliyefungiwa ndani ya soko la kuponi alitafuta kitu cha kuweka na kuuza kesho, mkono wake ukaenda palepale ulipokwenda mkono wa watu wa zamani wa ziwa letu.

M-Pesa ya Vodacom ilifika Kongo mwaka 2012, na mtu akaweza kushika franga na dola ndani ya simu moja. Wakimbizi wa Burundi walipofunguliwa kambi ya Lusenda mwaka 2015, kusini yetu kando ya ziwa, wao pia walikuja kupewa pesa badala ya magunia. Halafu usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Baada ya hapo msaada wa pesa ukaja kwa simu, na mwavuli wangu ukawa na foleni.

Nitasema habari za mama mmoja tu. Aliteremka kutoka milima ya Bijombo wakati wa mapigano ya 2019, na watoto watano, akapokewa na shemeji yake Kiliba, pale ambapo kiwanda cha sukari kiliacha kazi wakati wa vita vya 1996. Alikuja kwangu na binti yake, ambaye ndiye aliyesoma ujumbe wa simu. Kwenye kuandika namba ya siri aligeuka, akafunika simu kwa ncha ya kitenge, hata binti asione. Nilimhesabia dola 90. Alizishika moja moja dhidi ya jua, maana kwetu dola yenye tundu la sindano hakuna anayeipokea. Mbili alizirudisha. Nikambadilishia.

Kisha akatenga noti ya 10 pembeni. "Dada, hii ya shemeji," alisema. "Miezi saba nimekula kwenye sahani yake."

Sijawahi kuona shiti la plastiki likimfanyia mtu jambo hilo. Kwa pesa za awamu ile ya kwanza alilipa deni la unga na akakodi kipande cha shamba kwa msimu mmoja. Awamu ya pili ilikwenda kwenye minervali, yaani karo, ya binti, kwa kuwa shule ya msingi ilikuwa imetangazwa bure lakini sekondari ilikuwa bado inalipiwa, na kwenye mbuzi jike mmoja. Ya tatu hakuitoa yote. Alijiunga na MUSO, chama cha kuweka na kukopa, ya wanawake wa mtaa wao, anaweka kila wiki, na alipougua alikopa humo bila kuuza mbuzi.

Pesa hazikumaliza vita, wala hazikumrudisha Bijombo. Zina taabu zake pia. Nimeona mkubwa wa kijiji akidai fungu lake ili jina libaki kwenye orodha. Nimeona mume akija na simu ya mkewe bila mkewe, nikakataa kumpa, akanitukana mbele ya watu. Nimeona bei ya bati ikipanda wiki ileile ya malipo. Hizo ni kazi za kurekebisha. Ila kwenye mizani yangu ya zamani, mama wa jetoni alipoteza zaidi ya nusu kila mara, na chini ya mwavuli huu anapoteza ada ya kutolea tu.

Basi ninyi mnaoandika orodha, nawaomba: pitieni sokoni kwanza mwulize bei, andikeni simu kwa jina la mama, na leteni pesa kabla mvua za Septemba hazijakolea. Oktoba ikipita, shamba la kukodi halipatikani tena hapa bondeni.