Kitabu cha kielektroniki: Mnunuzi hupewa leseni tu

Anayenunua kitabu cha kielektroniki, tofauti na mwenye kitabu cha karatasi, aghalabu huuziwa leseni ya kukisoma wala si kitabu chenyewe. Kufuli ya kidijitali humzuia kukiuza au kukihamishia kifaa cha kampuni nyingine.

Julai 2009, kampuni ya Amazon ya Marekani ilifuta kwenye vifaa vya Kindle vya wateja nakala za riwaya za George Orwell, 1984 na Animal Farm, zilizouzwa na mchapishaji asiye na haki nazo. Wateja walirudishiwa pesa, na mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, akaomba radhi.

Mwaka 2019, Microsoft ilifunga duka lake la vitabu. Wateja walirejeshewa fedha, lakini vitabu walivyonunua vikatoweka.