Chumba cha mtoto na zidaka za bibi

Wapenzi, kabla ya kununua kabati la mtoto, tuzitazame nyumba za mawe za Mji Mkongwe. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, upana kiasi cha mita 3 tu, kwani dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya hapo. Bibi zetu hawakujaza vitu sakafuni. Taa, vyombo na msahafu vilikaa kwenye zidaka, vishubaka vilivyoachwa ndani ya ukuta mnene. (Anayeziziba leo kwa saruji anajipunja.)

Watoto wakifika miaka 10 tumefundishwa kuwatenganisha malazi, nasi wengi tuna vyumba viwili tu. Basi tutumie ukuta: rafu za chini anazozifikia mwenyewe, pazia katikati, mkeka wa kukunja asubuhi, sakafu ibaki ya kuchezea.