Nchi Takatifu: Kardinali Pizzaballa aliomba nini, na kwa nini maombi yenyewe ilileta ubishi?

Siku chache baada ya wapiganaji wa Hamas kushambulia kusini mwa Israeli tarehe 7 mwezi wa kumi 2023, Kardinali Pierbattista Pizzaballa aliandikia waamini wake. Aliwaomba Jumanne tarehe 17 iwe siku ya kufunga na kuomba kwa ajili ya amani. Hakuomba makubwa. Alijua kwamba sehemu nyingi watu hawawezi kukusanyika kwa wingi, basi akasema hata parokiani, ndani ya jumuiya au nyumbani na familia inatosha: kuabudu Ekaristi, kusali rozari.

Wakatoliki wa Congo wanaujua mtindo huu. Tarehe 23 mwezi wa pili 2018, Papa Fransisko aliita dunia nzima ifunge na kuomba kwa ajili ya Congo na Sudan Kusini.

Pizzaballa ni Mwitaliano, mtawa wa Wafransisko, alizaliwa 1965. Alifika Yerusalemu mwaka 1990 na hakuhama tena. Tangu 2020 yeye ndiye Patriarka wa Kilatini wa Yerusalemu, yaani askofu wa Wakatoliki wa Kilatini kule. Alipewa ukardinali tarehe 30 mwezi wa tisa 2023, juma moja tu mbele ya vita.

Jimbo lake linashika Israeli, Palestina, Jordan na Cyprus. Maana yake ni hii: kondoo zake wako pande zote mbili. Kuna Wapalestina wa Gaza na Betlehemu wanaosali kwa Kiarabu, na kuna Wakatoliki ndani ya Israeli wanaosali kwa Kiebrania, pamoja na wafanyakazi wageni kutoka Ufilipino na India. Yeye mwenyewe anasema Kiebrania, na alisaidia kutafsiri kitabu cha misa katika lugha hiyo. Kila neno anasema, kuna muamini wake mmoja litamuumiza.

Na ubishi ulianza mapema. Siku ile ile ya shambulio, wakuu wa makanisa ya Yerusalemu walitoa tangazo la kulaani kila tendo linalolenga raia, lakini bila kutaja Hamas. Ubalozi wa Israeli kule Vatikano ulikasirika, ukisema maneno hayo hayako wazi. Watu karibu 1,200 walikuwa wameuawa Israeli na wengine 251 kuchukuliwa mateka. Tarehe 16, mwandishi mmoja wa habari alimuuliza Kardinali kama anaweza kujitoa yeye mwenyewe badala ya watoto walioshikwa mateka. Akajibu kwamba yuko tayari.

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya maombi. Jioni, mlipuko ulipiga uwanja wa hospitali ya Al-Ahli mjini Gaza, hospitali ya kanisa la Waanglikani, na watu wengi walikufa. Israeli na Wapalestina walirushiana lawama, kila upande ukisema ni kombora la mwenzake. Siku mbili baadaye, bomu la Israeli liliangusha jengo moja ndani ya uwanja wa kanisa la Kiortodoksi la Mtakatifu Porfiri, ambamo wakimbizi walikuwa wamelala. Watu zaidi ya 15 walikufa. Ndiyo, watu walifunga na kuomba, na juma lile lile likawa baya zaidi.

Tarehe 24 Pizzaballa aliandika tena, na mara hii alitaja mambo kwa majina. Alisema yale yaliyofanyika kusini mwa Israeli hayakubaliki na lazima yalaaniwe. Kisha, kwa dhamiri ile ile, akasema mabomu yasiyokoma juu ya Gaza nayo yanaleta maafa kwa raia wasio na kosa, na kwamba bila kumaliza ukaaji wa kijeshi juu ya Wapalestina amani haitapatikana. Barua hiyo ina uzito kuliko ile ya kwanza, maana haikumpendeza mtu yeyote kikamilifu.

Wakristu wengine wa Kipalestina waliona hata hivyo haitoshi. Mchungaji Munther Isaac, Mluteri wa Betlehemu, alilaumu makanisa ya Ulaya na Marekani kwamba wanaombea amani huku wakinyamazia mauaji. Noeli ya 2023, kanisani kwake, mtoto Yesu aliwekwa katikati ya mawe ya nyumba iliyobomoka.

Gaza yenyewe ilikuwa na Wakristu karibu 1,000 tu mbele ya vita. Parokia ya kikatoliki ni moja, Familia Takatifu. Mamia ya watu walihamia humo, wakalala katika madarasa ya shule, pamoja na walemavu zaidi ya 50 wanaotunzwa na masista wa Mama Teresa. Tarehe 16 mwezi wa kumi na mbili 2023, mama mmoja na binti yake walipigwa risasi ndani ya uwanja wa parokia. Jimbo lilisema aliyepiga ni mdunguzi wa jeshi la Israeli. Jeshi lilikana kwamba lililenga kanisa. Papa Fransisko alikuwa akiwapigia simu karibu kila jioni, mpaka siku mbili kabla ya kufa kwake mwezi wa nne 2025.

Tarehe 17 mwezi wa saba 2025, kanisa hilo lilipigwa. Watu watatu walikufa na padri paroko, Gabriel Romanelli wa Argentina, aliumia mguu. Israeli ilisema ni kombora lililopotea njia na kwamba inasikitika. Kesho yake Pizzaballa aliingia Gaza pamoja na Patriarka wa Kigiriki, Theophilos III.

Papa Leo XIV naye aliita siku ya kufunga na kuomba, tarehe 22 mwezi wa nane. Waliouawa Gaza walikuwa wamepita 60,000, kwa hesabu ya wizara ya afya kule, na jeshi la Israeli lilikuwa linajitayarisha kuingia mjini Gaza na kuhamisha wakaaji kuelekea kusini. Siku nne baadaye, mapatriarka hao wawili walitangaza kwamba mapadri na masista hawaondoki, ju ndani ya parokia kulikuwa wazee, wagonjwa na walemavu ambao hawangeweza kutembea safari ile.