Timazi ya Jinja na Mteremko wa Bududa

Fundi mwashi hahitaji umeme ili ajue kama ukuta umeinama. Hutundika timazi, kipande cha chuma kwenye uzi, kisha hutazama. Mnamo miaka ya 1660 Mfaransa Melchisédech Thévenot alibuni pimamaji, yaani kiputo cha hewa ndani ya mrija wenye kimiminika. Vihisi vingi vya mwinamo vya leo ni watoto wa vitu hivi viwili.

Aina moja ni pimamaji iliyotiwa umeme. Kichupa kikiinama, kipande kimoja cha chuma huzama zaidi katika kimiminika kinachopitisha umeme, na kingine hubaki wazi. Umeme wa pande mbili hutofautiana, na tofauti hiyo husomwa kama pembe. Aina iliyo katika simu ni timazi ndogo mno: kitonge cha silikoni kinachoning'inia kwenye springi. Simu ikilazwa, kitonge husogea na picha hugeuka.

Jinja tuna bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth II mwaka 1954 na ambalo sasa huitwa Nalubaale. Lilizamisha maporomoko ya Ripon, aliyoyafikia Speke mwaka 1862. Kuta za aina hii hazipimwi kwa macho. Katika mabwawa mengi ya zege huning'inizwa waya mrefu, uzito wake ukizamishwa katika mafuta ili usichezecheze. Ni timazi ileile ya fundi, ila hapa inalinda mali ya serikali.

Ukitoka Jinja kwenda Mbale, unaingia katika nchi ambayo ardhi yenyewe ndiyo ukuta. Tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua kubwa, mteremko wa Mlima Elgon uliporomoka juu ya kijiji cha Nametsi, Bududa. Mamia ya watu walifukiwa, na kituo cha afya pia. Oktoba 2018 msiba ukarudi wilayani humo humo, katika eneo la Bukalasi. Udongo wa huko hunyonya maji ukawa mzito, na miti iliyoushika imekatwa kupisha mashamba.

Mara nyingi mteremko huanza kusogea kidogo kidogo kabla ya kuanguka. Kihisi kilichofungwa kwenye nguzo huweza kugundua mwinamo mdogo sana, hata usiku watu wakiwa wamelala. Mkulima naye anazo dalili zake: migomba iliyolalia upande mmoja, mlango uliofungika jana na leo unagoma, ufa uliojitokeza shambani. Mimi sioni kwa nini tuite kihisi sayansi na mlango huo tuuite mambo ya wazee, maana vyote vinapima kitu kimoja.

Tatizo gumu zaidi ni mahali pa kwenda. Baadhi ya walionusurika mwaka 2010 walihamishiwa Kiryandongo, mbali sana na kwao. Wengine walirudi mlimani, kwenye udongo wenye rutuba, kahawa na makaburi ya wazazi wao.