Kuwamba: Istilahi ya Kumalizia Vazi la Sufu

Vazi la sufu lililofumwa kwa mkono, litokapo sindanoni, huwa limekwisha kwa hesabu ya vitanzi lakini halijakwisha kwa umbo: kingo zake hujikunja kwa ndani, mikono yake hupishana urefu hata kama idadi ya mistari ni moja, na vitanzi vyenyewe, ambavyo vimefumwa siku za furaha na siku za uchovu, hukaa kila kimoja kwa tabia yake. Kati ya hali hiyo na hali ya vazi liwezalo kuvaliwa mbele ya watu kwa murua ipo kazi moja ambayo wafumaji wa Ulaya na Marekani huiita blokingi, nayo ni kulilowesha vazi, kulikamua kwa taratibu, kulivuta mpaka lifikie vipimo vilivyokusudiwa, na kulibana kwa pini kandokando hadi likauke katika hali hiyo. Wafumaji wetu wa sehemu za baridi kama Lushoto, Njombe, Limuru na Nyeri, ambako sweta ni vazi la haja na si la pambo, nimewaona aghalabu wakiishia kulifua vazi na kulianika kambani, nami naamini kwamba sababu mojawapo ya kuiacha kazi hii ni kukosa jina lake. Maana mwalimu asiye na neno la kuitajia kazi humwonyesha mwanafunzi mara moja, kisha humwachia abahatishe.

Rai yangu ni kwamba jina tunalo, na tumekuwa nalo tangu zamani, ila limekaa katika nyumba nyingine. Jina hilo ni kuwamba. Limo katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, na kabla ya kamusi lilikuwamo vinywani mwa maseremala na wapiga ngoma wa pwani. Ngoma huwambwa: ngozi mbichi huloweshwa, huvutwa juu ya mzinga, hubanwa kwa vijiti kuzunguka, kisha huachwa ikauke, na ikikauka hushika mvuto ule ule iliopewa ilipokuwa na maji. Kitanda nacho huwambwa: seremala akishatia mifumbati na vitakizo katika matendegu yake manne, hupitisha kamba ya ukindu au ya usumba kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, akiikaza kila inapozunguka mti, mpaka uwazi uliokuwa katikati ugeuke kuwa tandiko thabiti la kubeba watu. Katika shina hilo hilo tumepata kiwambo, ambacho wataalamu wa elimu ya mwili wamekichukua kwa utando wa sikio, na kiwambaza, yaani ukuta wa miti iliyofungwa kwa kamba na kujazwa udongo. Maana hizi zote zina mambo matatu yasiyoachana: kitu chenye kulegea, mhimili wenye kukishika pembeni, na mvuto wa kukitandaza kati ya pande za mhimili huo. Mfumaji anayelibana kardigani juu ya godoro kwa pini hafanyi kingine ila hayo matatu.

Najua kwamba yapo maneno mengine yanayotangulia ulimini. Wapo wasemao kunyosha, na neno hilo si baya, lakini mtu akiambiwa anyoshe nguo, mkono wake huenda kwenye pasi kabla akili haijauliza neno, na pasi ya moto juu ya sufu iliyofumwa hulibana vazi likalala, likapoteza ule mwinuko wa vitanzi ambao ndio uzuri na ndio joto lake. Wapo wapendao kutandaza. Ila mkeka hutandazwa na mpunga hutandazwa, wala hakuna anayeuvuta mpunga. Na wapo, hususan vijana waliojifunza ufumaji katika vitabu vya kigeni, wanaosema kubloki. Neno la Kiingereza walilolichukua lina maana ya gogo, na washona kofia wa huko wana kigogo cha mbao ambacho kofia huvalishwa juu yake ipate umbo. Kwa hiyo kwao neno lina picha. Kwetu halina picha yoyote, isipokuwa labda ya tofali la saruji, na mwanafunzi analipokea kama apokeavyo chombo kilichofungwa asichojua kilichomo.

Inafaa sasa nieleze kwa nini sufu inakubali kuwambwa. Unywele wa kondoo umejengwa kwa keratini, ambayo ndiyo protini ya nywele zetu na ya kucha zetu. Minyororo ya protini hiyo hushikamana kwa vifungo vya namna mbalimbali: vipo vilivyo dhaifu, vya haidrojeni, ambavyo maji huviachisha, na vipo vyenye nguvu, vya salfa, ambavyo maji hayaviwezi. Sufu ikilowa, vile dhaifu huachana na unyuzi ukawa mtiifu. Ukivutwa katika hali hiyo na kukaushwa, vifungo hujifunga upya mahali papya, na vazi likabaki na umbo lililopewa. Lakini vifungo vya salfa havikuguswa, navyo vinakumbuka umbo la asili, ndiyo sababu vazi likifuliwa tena sharti liwambwe tena. Kila mwanamke aliyepata kuzinyosha nywele zake kwa kitana cha moto kisha akanyeshewa na mvua njiani analijua jambo hili bila kusomeshwa, kwani ni maada ile ile na ni kanuni ile ile. Fauka ya hayo, sufu inaweza kunywa maji ya mvuke kiasi cha asilimia 30 ya uzito wake pasipo mtu kuhisi kwamba imelowa, hata ikawa kuitumbukiza majini na kuitoa mara moja hakutoshi. Lazima ikae dakika 20 au 30 katika maji ya uvuguvugu mpaka kiini cha uzi kifikiwe. Wala isisuguliwe, kwa maana unywele wa sufu una magamba madogo ambayo joto, sabuni na msukosuko huyashikamanisha, na vazi likaruka likawa la mtoto.

Kazi hii ilipata heshima kubwa katika visiwa vya Shetland, kaskazini ya Uskoti, na zaidi ya yote katika kisiwa cha Unst, ambako wanawake walifuma shali za mraba wa futi sita hivi kwa uzi mwembamba hata shali nzima ikaweza kupitishwa ndani ya pete ya ndoa. Shali kama hiyo, ikitoka sindanoni, huwa kama bonge la utando usio na sura. Nakshi zake zote zimejificha. Basi huoshwa, na uzi mrefu hupitishwa katika kila ncha ya ukingo wake, halafu uzi huo huzungushwa katika vigingi vilivyopangwa kuzunguka fremu ya mbao, ukikazwa kidogo kidogo pande zote nne, mpaka vitundu vifunguke na nakshi isomeke. Mtu wa Pangani au wa Lamu akioneshwa fremu ile na uzi ule unaokwenda na kurudi kati ya kigingi na ncha, hatauliza kinachofanyika. Atasema inawambwa, na atakuwa amesema kweli tupu. Kwa sweta na kardigani watu wa visiwa hivyo wana fremu nyingine ya miti, yenye mabega na mikono, ambayo vazi huvikwa likiwa na maji na kusimamishwa penye upepo.

Kardigani lenyewe, kwa atakaye kujua, limechukua jina la kabaila wa Kiingereza, James Brudenell, aliyekuwa na cheo cha Cardigan na aliyeongoza wapandafarasi katika vita vya Balaclava tarehe 25 Oktoba 1854. Si yeye peke yake. Mshono wa kuunga vitanzi kwa vitanzi pasipo kuacha alama, ambao nimejifunza hivi karibuni kwa ajili ya kuziba makwapa, huitwa na Waingereza kwa jina la Kitchener, jemadari yule yule ambaye mwaka 1885 aliletwa Unguja katika tume ya kupima mipaka ya milki ya Sultani Barghash. Nausifu mshono huo kwa dhati, maana sindano ya kushonea hufuata njia ile ile ambayo uzi wa kufumia ungepita, ikaingia kitanzi cha mbele, ikarudi cha nyuma, hata pande mbili zikawa kitambaa kimoja na kidole hakioni mahali zilipokutana. Lakini jina la jemadari halimfundishi mtu lolote kuhusu njia ya sindano. Tukisema kuunga vitanzi, tumesema kazi. Na hii ndiyo dasturi njema ya istilahi zetu, kwamba jina litokane na kitendo, kama kuanzisha, kuokota na kufunga vitanzi, maneno ambayo fundi humwambia mwanafunzi bila kulazimika kumweleza historia ya vita.

Nataka nikae kidogo juu ya jambo moja ambalo wengi hulipita, nalo ni sampuli. Kabla ya kuanza vazi, mfumaji mwenye hadhari hufuma kipande cha mraba, akahesabu vitanzi vilivyomo katika sentimita 10. Tuseme amepata 22. Kisha akakiosha kipande kile, akakiwamba, akakihesabu tena, akapata 20, kwa kuwa sufu imetulia na kitambaa kimepanuka. Tofauti ya vitanzi viwili inaonekana ndogo. Walakini kardigani la vitanzi 200 kwa mzunguko, kwa hesabu ya kwanza, lingekuwa na kifua cha sentimita 91 hivi, na kwa hesabu ya pili lina sentimita 100 kamili. Na sentimita 9 katika kifua ni tofauti baina ya vazi la mtu huyu na vazi la kaka yake. Kwa hiyo kanuni zote za vipimo husimama juu ya sampuli iliyowambwa, si juu ya ile mbichi, na anayepima sampuli mbichi amepima kitu ambacho hakitakuwapo baada ya vazi kufuliwa mara ya kwanza.

Namna ya kuwamba nimeiona ikifanywa vizuri kuliko kwingine kote huko Lushoto, na mama mmoja wa makamo ambaye hakupata kusoma kitabu chochote cha ufumaji. Kardigani lilikuwa limekwisha kuoshwa, naye alilikunja ndani ya taulo kavu, akaikanyaga taulo kwa miguu mitupu mpaka maji yakahamia humo, kwa sababu sufu haikamuliwi kwa kusokotwa. Akalitandika juu ya godoro, mgongo chini. Kisha akapiga pini ya kwanza katikati ya ukosi na ya pili chini yake, juu kidogo ya pindo, akaja ubavu wa kushoto, akaenda wa kulia, akarudi tena juu, kila pini ikijibiwa na mwenzake wa upande wa pili. Nilimwuliza mbona hamalizi upande mmoja kwanza. "Mwanangu," akanijibu, "mwamba ngoma huvutia kwake. Nikikaa upande huu tu, vazi lote litanifuata." Nikamwuliza tena kwa nini halipigi pasi, lingekauka upesi. "Pasi huiua sufu. Mimi naivuta ingali na maji, nikaiacha." Pini zake zilikuwa za shaba, kwa kuwa za chuma hushika kutu, na doa la kutu katika sufu nyeupe halina dawa.

Ni haki kutaja mpaka wa neno hili, maana istilahi isiyo na mpaka huleta madhara. Kuwamba kuna ukali wa mvuto ndani yake, na si kila sehemu ya kardigani inataka ukali huo. Mapindo ya mikono na ya kiunoni, yaliyofumwa kwa kupishanisha vitanzi vya uso na vya mgongo kusudi yavutike na kurudi, yakiwambwa hulegea, yakaacha kurudi. Hayo hulazwa tu, yakasogezwa kwa viganja na kuachwa bila pini. Kadhalika uzi wa akriliki, ambao ndio uliojaa madukani mwetu kwa unafuu wa bei, hauna keratini wala vifungo vya kuachishwa na maji. Huo ni plastiki: ukiwambwa kwa maji hukauka na kurudi ulivyokuwa, na ukitiwa mvuke wa moto hulainika moja kwa moja, ukapoteza uchangamfu wake wote. Pamba nayo huwambika, lakini haina ukumbufu wa sufu, na ikilowa huwa nzito, hata vazi refu lisilolazwa bapa likajivuta lenyewe mpaka magotini. Fundi na amwambie mwanafunzi wazi: sufu huwambwa, pindo hulazwa, akriliki huoshwa na kukunjwa.

Neno likikubaliwa, matawi yake yanapatikana bila taabu katika lugha yenyewe. Ustadi wake ni uwambaji. Pini na fremu ni za kuwambia. Vazi lililopita kazi hiyo limewambwa, na lile linalokubali linawambika. Na siku ya kulitoa pini, likiwa limekauka mpaka ndani ya mishono, linawambuliwa. Vifungo vya kardigani vishonwe baada ya kuwambua, si kabla, kwa kuwa ukanda wa mbele hurefuka ukiwa majini, na vifungo vilivyotangulia kushonwa havitaelekeana tena na vitundu vyake.