Hasara Iliyokuwepo Kabla ya Kimbunga



Juma hili tunawaalika kutafakari yaliyoupata mji wa Rochester, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani. Jioni ya tarehe 21 Agosti 1883, kimbunga chenye kuzunguka kama kisulisuli kiliipiga sehemu ya kaskazini ya mji huo. Watu zaidi ya 30 walipoteza maisha na wengi wakajeruhiwa. Nyumba zilizobomoka kila mtu aliziona. Majeruhi ndio waliodhihirisha hasara nyingine: mji haukuwa na hospitali.

Wagonjwa walilazwa popote palipopatikana, hata katika ukumbi wa dansi. Daktari William Worrall Mayo, aliyesimamia matibabu, aliomba msaada wa Masista Wafransisko, shirika lililoanzishwa na Mama Alfred Moes mwaka 1877. Masista hao walikuwa walimu, si wauguzi; hata hivyo walikwenda.

Kimbunga hakikubomoa hospitali, maana haikuwepo. Kilifunua upungufu wa siku zote. Kwa hiyo Mama Alfred hakuona kwamba kuezeka mapaa kulitosha. Alimwendea Daktari Mayo na pendekezo la kujenga hospitali. Daktari, ambaye hakuwa Mkatoliki, alisita: gharama ilikuwa kubwa na mji ulikuwa mdogo. Mama akaahidi kwamba masista watatafuta fedha, ikiwa yeye atakubali kuwatibu wagonjwa. Wakajinyima kwa miaka, na tarehe 30 Septemba 1889 Hospitali ya Mtakatifu Maria ikafunguliwa ikiwa na vitanda 27, ikiwapokea watu wa dini zote. Leo ni sehemu ya Mayo Clinic, taasisi ya tiba ijulikanayo duniani kote.

Nasi upepo unapoezua nyumba za jirani zetu, huorodhesha mabati, mbao na mifuko ya saruji. Ni vema na haki. Lakini mjane ambaye paa lake lilivuja miaka yote ataandikwa wapi? Tukimrudishia kile tu alichopoteza usiku ule, tumemrudishia umaskini wake uleule.

Basi, ndugu wapendwa, tunapokwenda kutathmini hasara, tuulize maswali mawili: upepo umechukua nini, na ni nini ambacho hakikuwepo tangu mwanzo? Swali la pili ndilo lililowapatia watu wa Rochester hospitali.

Mungu awabariki nyote.